Kalamu ya Mshtaki

Katika michezo ya kuigiza inayoonyeshwa shuleni, kila palipo na mahakama jukwaani pana mtu mmoja ambaye watazamaji hufundishwa kumchukia tangu anapoingia. Huvaa joho jeusi, huunguruma kama simba, humnyoshea mshtakiwa kidole, na hakosi kusema, "Mheshimiwa, mtu huyu ni hatari!" Hakimu akitoa hukumu ya kifungo, yeye hutabasamu, mshtakiwa akiachiliwa, hutoka ameinamisha kichwa kama mchezaji aliyefungwa mabao matano. Mtu huyo ndiye mshtaki wa umma, ambaye magazeti humwita kiongozi wa mashtaka. Ninyi wanafunzi mnapenda kumwiga, na mnamwiga vizuri. Lakini mnayemwiga ni mtu asiyepasa kuwapo. Na lau kama kosa hilo lingekuwa la jukwaani tu, nisingeshika kalamu. Walakini wako watu wazima, wenye elimu na vyeo, wanaoamini ya kuwa kazi ya mshtaki ni kuwinda, na ya kuwa mshtaki hodari ni yule anayerudi nyumbani na nyama. Nataka kuipinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu imewaumiza watu wengi katika nchi hii, na wako watakaoumia bado.

Tuanze na jambo mnalolijua. Kiranja wa darasa hupewa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu wa zamu akija, hana cha kusoma ila karatasi ile. Hata awe mwadilifu namna gani, hawezi kumwadhibu mwanafunzi ambaye jina lake halikuandikwa. Na aliyeandikwa, hata akijitetea akasadikiwa, amekwisha kusimamishwa mbele ya wenzake na kupoteza kipindi chake cha hesabu. Sasa niambie, msomaji wangu, mwenye nguvu zaidi hapo ni nani? Ni mwalimu mwenye kuadhibu, au ni kiranja mwenye kalamu? Na kiranja akiwaacha rafiki zake, akamwandika yule aliyemnyima kipande cha mkate asubuhi, mwalimu atajuaje?

Mahakama nazo ni hivyo hivyo. Jaji hatoki barabarani kutafuta wakosaji. Hukaa akangoja aletewe shauri, na asiloletewa hawezi kulihukumu, ijapokuwa mji mzima unalisimulia. Mwenye kuamua ni nani aletwe, kwa kosa lenye jina gani, na kama shauri liendelee au likome, ni mshtaki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 157, imeuweka uwezo huo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa, naye hutumikia miaka 8 isiyoweza kurudiwa. Maofisa wake husimama kwa jina lake katika mahakama za jinai kote nchini, ila mahakama ya kijeshi. Mmoja wao aweza kutia sahihi leo asubuhi, na mtu ambaye jana alikuwa akiuza viazi sokoni akalala rumande miezi mingi kabla shahidi wa kwanza hajafungua kinywa. Aweza pia kuacha kutia sahihi, na mtu aliyeiba fedha za dawa za hospitali akaendelea kukaa kiti cha mbele harusini.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kuona kalamu hiyo ikitumiwa vibaya. Twende Kapenguria.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilimkamata Jomo Kenyatta na watu wengine wengi. Watano kati yao, yaani Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, walishtakiwa pamoja naye kwa kuongoza Mau Mau. Angalia mpango huo: watu walikamatwa kwanza, ushahidi ukatafutwa baadaye. Kesi haikusikizwa Nairobi, palipokuwa na mahakama, mawakili na waandishi wa magazeti. Ilipelekwa Kapenguria, mji mdogo wa mbali katika nchi ya Wapokoti, ambao mtu hakuweza kuingia bila kibali, ikasikizwa katika jengo la shule. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji aliyekwisha kustaafu, naye alilipwa na serikali pauni 20,000 kwa kazi hiyo. Mshtaki alikuwa Anthony Somerhough.

Tafadhali usidhani ya kuwa Somerhough alikuwa mjinga au mtu asiyejua sheria. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa ameongoza kikosi cha Waingereza kilichowaandama wahalifu wa kivita huko Ujerumani. Mtu huyu alijua dhuluma ya serikali inavyofanana, na alijua ushahidi ni kitu gani. Lakini elimu ya mtu haisaidii neno ikiwa ofisi anayoitumikia ni mkono wa serikali iliyokwisha kuamua mwisho wa kesi kabla ya mwanzo wake.

Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa Rawson Macharia, aliyesema ya kuwa alimwona Kenyatta kwa macho yake akiwalisha watu kiapo. Tarehe 8 Aprili 1953 washtakiwa wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Katika rufani hukumu ya Achieng Oneko ilifutwa, walakini hakurudi kwake. Serikali ilimweka kizuizini. Kisha, mwaka 1958, Macharia akala kiapo kingine. Akasema ya kuwa ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa uongo, na ya kuwa yeye na mashahidi wengine walipewa rushwa. Ikatokea barua ya serikali iliyomwahidi masomo katika chuo Uingereza, masurufu ya watu wake wakati hayupo, na kazi ya serikali atakaporudi.

Sasa tazama mshtaki alivyofanya. Mtu amekiri kwa kiapo kwamba alisema uongo mahakamani, na uongo huo uliwatia watu sita gerezani. Mwenye kutafuta haki angelifungua faili la kesi ile tena siku hiyo hiyo. Haikuwa hivyo. Macharia alishtakiwa, na alishtakiwa kwa kiapo chake cha mwaka 1958! Yale aliyoyasema Kapenguria hayakuandikiwa shtaka. Akahukumiwa, akafungwa. Kwa maneno mengine, shahidi aliruhusiwa kusema uongo uliomfaa mshtaki, akaadhibiwa alipoukana. Kama unataka kujua hatari ya kalamu iliyo mikononi mwa mtu mwenye bwana, huna haja ya mfano wa pili.

Utaniambia, "Mwalimu, hao walikuwa wakoloni, nasi tumejitawala tangu mwaka 1963." Ni kweli, tumejitawala. Lakini kalamu tuliirithi jinsi ilivyokuwa. Kwa miaka karibu 50 baada ya Uhuru uwezo wa kushtaki ulikaa kwa Mwanasheria Mkuu, ambaye ndiye huyo huyo aliyekuwa mshauri wa sheria wa serikali. Mtu mmoja alimshauri mwenye nyumba usiku, na mchana akaamua kama mwenye nyumba na rafiki zake wamevunja sheria! Na mwaka 1986 hata kinga kidogo aliyokuwa nayo iliondolewa: Bunge lilibadili Katiba, hata Rais akaweza kumfukuza kazi bila ya kupitia baraza la uchunguzi. Kinga hiyo ilirudishwa mwaka 1990.

Mambo ya miaka ile ya katikati yafaa kila mwanafunzi wa Kenya ayajue. Katika mwaka 1986 na 1987 watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, na miongoni mwao walimu, wanafunzi wa chuo kikuu na wakulima, walifungiwa katika vyumba vya chini vya jengo la Nyayo, katikati ya jiji la Nairobi, huku juu yao wananchi wakipanga foleni za vitambulisho na pasipoti. Walipigwa, walinyimwa chakula, walisimamishwa katika maji. Kisha walipelekwa mahakamani, aghalabu jioni watu wa kawaida wakiwa wamekwisha kwenda makwao, bila wakili, wakakubali makosa, wakahukumiwa katika dakika chache. Katika kesi hizo sauti ya mshtaki ilisikika ikisoma mashtaka. Haikusikika ikiuliza mshtakiwa alikuwa wapi siku zote hizo, wala kwa nini mtu msomi akubali kufungwa miaka mingi bila ya kusema neno la kujitetea. Miaka mingi baadaye Mahakama Kuu iliwapa fidia baadhi ya walioteswa. Fedha hizo zilitoka kwa mlipa kodi. Mshtaki hakulipa hata senti.

Hapo kuna somo ambalo Umoja wa Mataifa ulilitia katika maandishi mjini Havana mwaka 1990, ulipotoa miongozo ya kazi ya washtaki: ya kuwa mshtaki akijua, au akiwa na sababu nzuri ya kuamini, kwamba ushahidi ulipatikana kwa mateso, sharti aukatae na kuiarifu mahakama, na ya kuwa asianzishe wala kuendeleza kesi ikiwa uchunguzi wa haki umeonyesha ya kuwa shtaka halina msingi. Tafakari vizuri maneno hayo. Mshtaki ameagizwa amlinde mtu yule yule anayemshtaki! Wapi umeona mwindaji aliyeagizwa amlinde swala?

Kalamu ile hukosea pia kwa kufuta. Mwezi wa Aprili 2005 Thomas Cholmondeley, wa ukoo wa Lord Delamere, alimpiga risasi akamwua Samson ole Sisina, ofisa wa Idara ya Wanyamapori, katika shamba lake la Bonde la Ufa. Alisema alidhani ni majambazi. Alishtakiwa kwa kuua, lakini mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu aliyaondoa mashtaka kwa sahihi yake, kama sheria ya wakati ule ilivyomruhusu, kesi ikafa kabla ya kusikizwa. Wamasai waliandamana kwa hasira. Labda utetezi wa Cholmondeley ulikuwa wa kweli. Labda jaji angesikiliza siku nzima, akamwachilia kwa haki, na watoto wa marehemu wakatoka mahakamani wakijua angalau jinsi baba yao alivyokufa. Lakini hayo ni maneno ya kuamuliwa na jaji mbele ya watu, si ya kuamuliwa na mtu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, mtu huyo alimpiga risasi Robert Njoya katika shamba lilo hilo, naye akafa. Safari hii kesi iliendelea. Mwaka 2009 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miezi 8.

Watu waliotunga Katiba ya mwaka 2010 walikuwa na kumbukumbu za mambo kama hayo. Kwa hiyo walimtenga mshtaki na Mwanasheria Mkuu, wakaandika ya kuwa hatakuwa chini ya amri wala udhibiti wa mtu au mamlaka yoyote, na wakaongeza kifungu kidogo ambacho mimi naona ni cha thamani kuliko vingi vilivyo virefu: ya kuwa hawezi kukomesha kesi bila ruhusa ya mahakama. Wakamwagiza pia aangalie manufaa ya umma, aangalie haki itendeke, na azuie sheria isitumiwe kwa hila.

Liko badiliko la pili ambalo halikupigiwa ngoma, nalo ni kubwa. Zamani katika mahakama za mahakimu washtaki walikuwa polisi. Polisi alimkamata mtu, polisi mwenziwe akapeleleza, na polisi wa tatu wa kituo kile kile akasimama kushtaki. Wa tatu atamwambiaje wa kwanza kwamba amekosea, ilhali wanakunywa chai pamoja na huenda wa kwanza ndiye mkubwa wake? Sheria ilitaka angalau polisi huyo asiwe chini ya cheo cha inspekta msaidizi, lakini hata hilo halikufuatwa sikuzote. Mwaka 2003, katika rufani ya Elirema, Mahakama ya Rufani ilisema ya kuwa kesi iliyoendeshwa na mtu asiye na cheo hicho ni batili, na baada ya hapo wafungwa wengine wakapata hukumu zao kufutwa kwa sababu hiyo hiyo, wenye hatia na wasio na hatia. Sheria ya mwaka 2013 iliijenga ofisi mpya ya mashtaka, na kazi hiyo ikahamishiwa kwa wanasheria.

Ili usidhani ugonjwa huu wa mlalamishi kuwa mpelelezi na tena mshtaki ni wa Kenya peke yake, angalia Uingereza, nchi tuliyoiga sheria zake nyingi. Huko shirika la Posta lilikuwa na uwezo wa kuwashtaki watu lenyewe. Tangu mwaka 1999 hadi 2015 liliwashtaki mamia ya wasimamizi wa posta ndogo ndogo za mitaani kwa wizi na hesabu za uongo, kwa sababu programu ya kompyuta iliyoitwa Horizon ilionyesha fedha zimepungua. Fedha hazikupungua, programu ndiyo iliyokuwa na makosa. Watu waaminifu walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla ya kusafishwa majina. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kufuta hukumu zao kwa pamoja. Posta ilikuwa mlalamishi, ilikuwa mpelelezi, ilikuwa mshtaki, na kompyuta ilikuwa yake. Nani angeiambia, "Hebu ngojeni kwanza"?

Basi hapa kwetu tuna ofisi huru na tuna wanasheria. Je, mambo yamekwisha? La hasha. Uhuru wa ofisi ni mlango tu. Anayeingia ndani aweza kuwa na moyo ule ule wa mwindaji, au wa mtumwa.

Moyo wa mwindaji huonekana katika haraka. Kwa miaka kadhaa baada ya 2018 tulishuhudia desturi ya kuwakamata watu wenye majina siku ya Ijumaa, mbele ya kamera, ili walale seli mpaka Jumatatu mahakama ifunguliwe. Mitaani desturi hiyo ikapewa hata jina lake, kamata kamata ya Ijumaa, nasi wananchi tukashangilia! Nani aliuliza kama faili limekamilika? Ofisi ya mashtaka yenyewe ilitoa miongozo mwaka 2019, isemayo ya kuwa kabla ya kumshtaki mtu sharti yaulizwe maswali mawili: je, ushahidi uliopo unatosha hata mtu aweze kutarajia kwa haki kwamba mahakama itamtia hatiani? Na je, kumshtaki ni kwa manufaa ya umma? Maswali mawili tu, ambayo hata mtoto wa kidato cha kwanza ayaelewa. Lakini hayajibiwi kwa kelele za televisheni. Hujibiwa na mtu aliyeketi peke yake mezani na faili, akasoma kila ukurasa, akapata ujasiri wa kumwandikia mpelelezi, "Hili halitoshi, rudi ukatafute."

Haraka ina ndugu yake, nayo ni uvivu. Kesi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer ilianza mwaka 2019 kwa vishindo vikubwa, waziri wa fedha wa wakati ule akiwa miongoni mwa washtakiwa. Mwezi wa Desemba 2023 hakimu aliwaachilia washtakiwa, akaulaumu upande wa mashtaka kwa maneno makali. Kati ya mashahidi 49 waliotarajiwa walikuwa wamesimama 8 tu, na mshtaki akafikia kukataa kuwauliza maswali mashahidi wake mwenyewe. Sisemi ya kuwa washtakiwa wale walikuwa na hatia au hawakuwa nayo. Hilo si langu, wala mambo ya rufani siyagusi hapa. Nasema ya kuwa mshtaki aliyenyamaza amewadhulumu watu wote kwa mara moja. Kama walikuwa na hatia, amemnyima mwananchi haki yake. Kama hawakuwa nayo, amewazungusha mahakamani miaka minne bure, na bado wako watakaonong'ona kwamba waliponea chupuchupu.

Kisha yako majina ya makosa. Nimesema mshtaki huamua mtu ashtakiwe kwa kosa gani, na huenda ukaona hilo ni jambo dogo la makarani. Mwaka 2025, baada ya maandamano ya Juni na Julai, baadhi ya vijana waliokamatwa, wengine wakiwa wamewazidi ninyi umri kwa miaka michache tu, walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya ugaidi. Mtu aliyechoma jengo au kuvunja duka amekosa, na sheria zetu zina majina ya makosa hayo na adhabu zake, tena si ndogo. Lakini neno ugaidi lilitungiwa sheria mwaka 2012 kwa ajili ya watu wanaotega mabomu sokoni. Kijana akiandikiwa neno hilo, dhamana yake huwa ngumu, jirani humwogopa mama yake, na hata akiachiliwa baadaye neno humfuata akiomba kazi. Mshtaki anayechukua neno kubwa kwa kosa dogo, ili kuwatisha wengine, ameiacha kazi aliyopewa na Katiba akashika kazi ya wanasiasa. Na nasema haya nikijua ya kuwa maduka ya watu maskini yaliporwa siku zile, na wenye maduka nao wanangoja haki.

Hapa najua msomaji mmoja amekunja uso. "Kwa hiyo," asema, "wewe wawaonea huruma wahalifu. Je, aliyeuawa hana ndugu?" Ndugu yangu, ni kwa ajili ya ndugu wa aliyeuawa ninaposema haya. Mwezi wa Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri walikwenda mahakamani Mavoko katika shauri lililohusu ofisa wa polisi aliyelalamikiwa na Mwenda. Hawakurudi. Maiti zao zilipatikana mtoni. Walioshukiwa walikuwa polisi, watu wajuao jinsi ushahidi unavyofutwa. Kesi hiyo haikushindwa kwa kunguruma. Ilijengwa kwa kumbukumbu za simu, kwa vipimo vya maabara, kwa shahidi mmoja baada ya mwingine, kwa miaka sita, na mwezi wa Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani polisi watatu na mtu mmoja raia aliyekuwa akiwapasha habari. Huo ndio ukali ninaoutaka. Mshtaki angekwenda mbio kumpendeza mtu, kesi ingevunjika mikononi mwake, na wajane wale wangebaki na picha za magazeti.

Kwa hiyo napinga, tena napinga sana, desturi ya kumpima mshtaki kwa hesabu ya waliofungwa. Mpime hivyo, naye ataacha kesi ngumu za wakubwa, atakimbilia za wadogo: mwuza changaa, mchungaji aliyepitisha mbuzi msituni, kijana asiye na wakili ambaye akiambiwa "kubali yaishe" hukubali. Hesabu itapanda na haki itashuka. Nataka apimwe kwa mambo mengine. Ni mafaili mangapi aliyarudisha kwa wapelelezi kwa kuwa hayakutosha? Alimpa mshtakiwa ushahidi wote mapema, hata ule unaomfaa mshtakiwa? Alipoomba kuondoa kesi, alitoa sababu ambazo mtu wa kawaida aweza kuzisoma na kuzielewa? Mwisho wa mwaka 2022, mara baada ya serikali kubadilika, kesi kadhaa za ufisadi dhidi ya watu wakubwa ziliondolewa kwa ruhusa ya mahakama, na wananchi wengi hawakupata ila neno moja, ushahidi hautoshi. Ikiwa hautoshi leo, ulitosha vipi siku walipokamatwa mbele ya kamera? Mmoja wa wawili alikosea, aliyeshtaki au aliyeondoa, na ofisi ni ile ile. Nadai iwe lazima sababu za namna hiyo ziandikwe kwa ukamilifu na kutolewa hadharani, kila kesi, mkubwa kwa mdogo.

Nadai jambo la pili, ambalo halina umaarufu: mshtaki wa mahakama ndogo apewe muda na msaada. Mtu anayepewa mafaili kwa mkumbo asubuhi ile ile ya kesi hawezi kuyasoma, hata awe malaika. Taifa linalotaka haki na lisitake kuilipia linajidanganya.

Baadhi yenu mtasoma sheria, na wengi wa hao wanaota kuwa mawakili wa kutetea wenye fedha au majaji wa kuvaa kofia. Wachache hunijia wakasema wanataka kuwa washtaki. Nawasihi mfikiri upya. Lakini kwanza nendeni mkaone. Kesi za jinai husikizwa hadharani, isipokuwa chache, kwa hiyo likizo ijayo ingia katika mahakama ya mji wako asubuhi, uzime simu, uketi benchi la nyuma. Usimtazame sana hakimu, wala wakili mwenye viatu vinavyong'aa. Mtazame yule aliyesimama upande wa pili na rundo la mafaili. Hesabu ni mara ngapi atasema faili la polisi halijaletwa. Angalia kama anajua jina la mlalamishi bila kutazama karatasi. Na mshtakiwa asiye na wakili anapotaka kusema jambo asijue namna ya kulisema, angalia mshtaki anafanya nini.